Pacha Aliyejinyima Maziwa Yangu

Jumatatu, 1 Septemba
Tumbo tena! Limejaa hewa, linanguruma kama garimoshi la Kabalo. Muuguzi wetu, Mama Odile, amenipa masharti: majuma mawili bila maziwa, maharage, mayai wala mkate. Halafu nirudishe kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu, niandike kinachonisumbua. Majuma mawili bila chai ya maziwa! Mke wangu Virginie amesema afadhali mimi nione njaa kuliko yeye kulala stesheni.

Jumanne, 2 Septemba
Nimepata akili. Nina pacha, Édouard. Sura moja, damu moja, basi tumbo moja. Ajinyime yeye, mimi niandike! Amecheka. « Florent, kila muntu na tumbo yake. » Nikamwahidi migebuka ya kuchoma, samaki wa ziwa letu, kila siku, mezani kwangu. Akakubali mbio.

Jumatano, 10 Septemba
Nakula maharage ya Kirungu kwa amani. Virginie anamchomea Édouard samaki, anamsifu kwa kula bila kelele. Mimi nanguruma. Lakini daftari ni safi kabisa.

Ijumaa, 19 Septemba
Édouard amekunywa maziwa siku tatu. Hakuna kitu! Basi maziwa yananifaa. Nimesherehekea kwa vikombe vitatu. Kesho tunapeleka mahari ya mpwa wetu Jovial, na msemaji wa familia ni mimi.

Jumamosi, 20 Septemba
Aibu! Nimefungua mdomo, tumbo likatangulia. Baba wa msichana, Papa Prospère, ameuliza kama ni mvua inatoka ziwani. Watu wamecheka hadi machozi. Édouard akainuka, akasema kwa niaba yetu, vizuri kuliko hotuba yangu. Tumekubaliwa! Nje, nusu ya wageni wamenipongeza mimi. Nimewashukuru.

Jumatatu, 22 Septemba
Virginie amemweleza Mama Odile yote. Msaliti! Mama Odile amefunga daftari taratibu. « Papa Florent, mugonjwa njo nani? » Ati mgonjwa ni nani! Leo naacha maziwa mimi mwenyewe. Virginie amejiwekea ufunguo wa kabati.

Alhamisi, 25 Septemba
Kimya tumboni. Kumbe ni maziwa! Virginie ameimba jikoni asubuhi yote. Nimemwambia Édouard kwamba uchunguzi wetu umefaulu.

Jumamosi, 27 Septemba
Chai ya rangi si mbaya, hasa na tangawizi. Mama Odile ameona ninavyosogeza daftari mbali ndipo nisome. Jumanne nikapimwe macho. Sina wasiwasi. Édouard anasoma hata maandishi madogo ya kiberiti. Nimempa shati langu la buluu, ataitikia jina langu. Virginie asijue.