Mbuzi Aliyenielewa Penye Winchi

Jumanne, mwezi wa tano. Asubuhi manyunyu, Mlima Meru umejifunika mawingu. Mchana jua kali.

Leo nimeumbuka. Lakini nimeshinda pia, kwa hiyo naandika yote mawili.

Ni siku ya tatu tangu fundi Mdachi aniweke msimamizi wa winchi ya kuinulia mawe ya daraja. (Kwa nini mimi? Sijui. Labda kwa kuwa naweza kusoma.) Kanuni zake ni hizi: kabla ya kuzungusha, kagua mnyororo, kagua breki, kisha tazama chini ya jiwe. Akiwapo mtu, msimamizi apige kelele atoke.

Nikakagua mnyororo. Mzima. Breki, nzima. Nikatazama chini.

Mama mkwe wangu!

Alikuwa amekuja na wanawake wa kubeba mchanga, akaketi kupumzika mahali hasa jiwe litakapopita. Na kwetu mwanaume hamsemeshi mama mkwe, seuze kumpigia kelele!

"Zungusha!" Fundi akaita toka ng'ambo ya mto.

"Bado, Bwana!"

Nikamnong'oneza Lazaro, mwenzangu wa kuzungusha: "Ndugu yangu, mwambie atoke."

"Mimi? Sauti yako, mkwe wako." Vibarua wote wakacheka. (Haki isemwe: ningekuwa Lazaro, ningecheka zaidi.)

"Zungusha, au shuka nimweke mwingine!"

Mwingine angezungusha bila kutazama. Hapo nikamwona mbuzi wa mama, anakula majani kando yake. Nikageuza uso pembeni, nikapaza sauti:

"We mbuzi! Hapo si pa kukaa! Jiwe linakuja! Chukua kikapu chako uondoke!"

Fundi akavua kofia.

Kisha nikamsikia mama, taratibu kabisa: "Mbuzi, twende. Tumeambiwa." Akainuka, akamvuta mbuzi. Kikapu akakisahau.

Tukazungusha. Jiwe likapanda, likafika juu ya kikapu. Paa! Pete moja ya mnyororo ikakatika. Jiwe likashuka, na kikapu kikawa unga. (Ile pete niliipitisha mimi mwenyewe. Nusu ya lawama ni yangu, labda zaidi.)

Lakini mama alikuwa mbali, mzima! Nikaruka kwa furaha, mikono juu!

Shuka langu halikuruka. Mnyororo ulipokatika, gurudumu la winchi lilirudi nyuma kwa kasi, na meno yake yakameza pindo. Shuka lote likaenda. Nikabaki juu ya jukwaa kama nilivyozaliwa, mikono bado hewani, mbele ya wanawake wote wa mchanga.

Na yeye akiwa wa mbele.

Nikajifunika kwa karai. Lilikuwa limetoboka.

Fundi akavuka mto, akatazama jiwe, akatazama kikapu, akanipa mkono. (Nilimpa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi.) Akaongeza kanuni ya nne: kagua nguo zako. Usimamizi nimebaki nao.

Jioni shemeji yangu mdogo akaja na shuka jipya, na yule mbuzi.

"Mama anasema shuka ni la kuvaa. Mbuzi ni wa kuongea naye, maana mnaelewana."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tumekula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Mbuzi hatukumchinja. Leo nzima ni yeye tu ambaye hakunicheka.