Uso wa Mnajimu Dratwicz

Jua lilipopatwa mchana kweupe, siku na saa ileile aliyoitaja marehemu mnajimu Dratwicz, mji mzima wa Toruń ulikumbuka ghafla kwamba ulimpenda sana. Kila tajiri akataka picha yake ukutani. Wawrzyn, mtu aliyeishi kwa ulimi wake, akanusa ulaji.

Picha ilikuwa moja tu: ya bati, yenye pembe sita, iliyopigiliwa kwenye jeneza siku ya maziko kama ilivyo desturi, kisha ikatundikwa kanisani. Miaka miwili baadaye ikapotea. Mjane, Bi Dorota, aliulizia kila mahali. Alikuwa ameanza kusahau ni nyusi ipi mumewe alizoea kuinua.

Wawrzyn alinunua kwa mtunza kanisa bati kuukuu la jeneza, jeusi tii kwa moshi wa mishumaa. Kuliosha? Kazi ya nini! Akachora juu yake mwanamume mzuri wa kupindukia, bikari mkononi, nyota kichwani.

Mfanyabiashara Tolk alipendezwa, ila hakuwa mjinga kamili. "Mjane aje aithibitishe."

Wawrzyn akaenda kumchukua Bi Dorota. Njiani alimnong'oneza, "Mama, sema tu ndiye. Nusu ya pesa ni yako."

Sebuleni kwa Tolk, Bi Dorota aliitazama sura ile, akaguna. Akaligeuza bati. Pembe moja ilikuwa imebonyea, pale lilipoanguka siku ya maziko na kumvunja yeye mwenyewe kidole cha mguu. Akaipapasa.

"Siye," akasema. "Mume wangu alikuwa na pua kama kiazi. Huyu ningemlinda usiku na mchana asiibwe na wanawake."

"Tapeli mkubwa!" Tolk akanguruma. "Toka na bati lako!"

Nje, Wawrzyn alikuwa karibu kulia. "Umeniponza, mama."

"Pole, mwanangu. Sasa hilo unalipeleka wapi?"

"Mtoni!"

"Basi nipe mimi. Pipa langu la kabichi halina kifuniko. Nitakupa soseji."

Wawrzyn hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Wakakubaliana.

Akaketi kizingitini kwa mjane, akila. Ndani, Bi Dorota alilowesha kitambaa kwa tapentaini, akasugua taratibu. Zikaondoka nyota, yakaondoka mashavu mazuri, ukaondoka moshi. Ikatokea pua. Kisha nyusi, moja juu kuliko mwenzake.

"Ya kushoto," akasema polepole.

Wawrzyn aliingia kuomba haradali. Soseji ikamponyoka.

"Mama... huyo si..."

"Ndiye," akajibu Bi Dorota, akijifuta macho. "Si uliniomba niseme?"