Projekta Yangu na Skrini ya Fortunata

Jumapili, 6 Julai 2025. Nanyala.
Leo nimedhalilishwa kanisani. Fortunata, binti wa mzee Andongwisye, amerudi kutoka chuoni na skrini bapa, zawadi ya waumini wetu wanaofanya biashara Tunduma. Wameitundika ukutani na kuacha madirisha wazi. Jua la saa nne limejaa ndani, na bado maneno ya nyimbo yanasomeka hadi benchi la mwisho. Kwa miaka tisa ni mimi, Jairo, niliyewasha projekta ya kanisa hili na kufunga mapazia meusi. Hakuna aliyelalamika. Waliosinzia walichoshwa na kuchuma kahawa. Mchungaji amesema sasa tutaonana nyuso tukiimba. Nyuso! Nani aliziomba?

Jumatatu, 7 Julai.
Nimekwenda kwa Mchungaji Clement. Nimemweleza kwamba kitu kinachong'aa vile lazima kinabugia umeme. Akamwita Fortunata. Binti akajibu, kwa adabu ya kuudhi, kwamba nyuma ya kioo kuna vitaa vingi vidogo, na picha ikiwa nyeusi mahali fulani, vitaa vya hapo vinafifia au kuzimika. Projekta yangu, akasema, ina balbu moja kubwa inayowaka yote hata ikionyesha giza, tena na feni ya kuipoza. Nikasema taa inayojizima ni mvivu. Mchungaji akapendekeza tuzishindanishe Jumatano kwenye mazoezi ya kwaya, kwa betri mbili za sola zinazolingana. Nimekubali haraka. Nina mpango.

Jumatano, 9 Julai.
Nilifika mapema, nikapandisha mwangaza wa skrini yake hadi mwisho, ili inywe betri kama ng'ombe wa Momba wakifika mtoni. Projekta imezimika kwenye wimbo wa tatu. Skrini imeendelea mpaka kwaya ikachoka. Kibaya zaidi, kwa ule mwangaza niliopandisha mimi, mama yangu mzazi, Enesi, ambaye tangu macho yafifie alikuwa akichezesha midomo tu, ameimba beti zote nne. Watu wamefuta machozi. Kisha akanigeukia: "Jairo mwanangu, kumbe maneno yalikuwepo miaka yote?" Mbele ya kwaya nzima. Sifa za mwangaza zikaenda kwa Fortunata.

Ijumaa, 11 Julai.
Mchungaji amenipa kazi mpya: msaidizi wa Fortunata. Mtoto niliyembeba mgongoni. Nimekubali, ili nipeleleze. Amenionyesha kijicho kidogo kinachopima mwanga wa ndani, chini ya kioo. Jua likizidi, skrini inajiongezea mwangaza. Wingu likija inapunguza, isipoteze umeme bure. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Udhaifu wake nimeuona.

Jumapili, 13 Julai.
Katikati ya ibada nimevua koti na kulitundika kwenye kona ya skrini, likafunika kile kijicho. Skrini ikadhani ni usiku, ikafifia. Kwaya ikaendelea, maana wanaukumbuka wimbo. Mama akanyamaza. Alisimama tu, akikaza macho. Mwishowe akauliza, kanisa zima likisikia, kama koti lile si la mwanawe. Nikaenda kulitoa. Maneno yakarudi, naye akaanza ubeti wa pili peke yake, kabla ya wenzake. Nikapangusa pua. Ni baridi, sikuwa na koti.
Fortunata hakunisema. Amenisogezea kiti. Huo nao ni ujeuri.

Jumatatu, 14 Julai.
Nimetafakari vya kutosha. Projekta haina kosa. Balbu ndiyo ndogo. Nimekwenda Tunduma, kwenye vipuri vya malori, nikachagua taa ya mbele iliyo kubwa kuliko zote. Muuzaji, Mzambia, akaniuliza kwa neno la heshima la kwao, "Mukwai, ni ya lori gani?" Nikamwambia ni ya kanisa. Fundi Hezron amekataa kuifunga, eti boksi la projekta litayeyuka. Wivu. Nitaifunga mwenyewe kesho, na feni nitaweka mbili.