Siku Docus Radi Alipozinduliwa Bwaise

Hotuba ya Bwana Tarcisio Ogwang, Mkurugenzi wa Muda wa Idara ya Picha Zinazotembea, aliyoitoa katika kibanda cha video, Bwaise, Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye uzinduzi wa filamu ya Docus Radi. Imenakiliwa neno kwa neno.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameomba radhi kwa kutofika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ameomba radhi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, ambaye amefika. Viongozi wa dini zote zilizosajiliwa na zile ambazo fomu zao bado ziko mezani kwangu. Kina mama, vijana, waendesha bodaboda mlioegesha mlangoni juu ya tangazo linalokataza kuegesha mlangoni. Vijei Bonny, mwenye kibanda hiki, ambaye kwa sauti yake huwafasiria wananchi filamu za dunia nzima, hata zile za lugha asiyoijua (kicheko). Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu.)

Ninayesimama mbele yenu ni Tarcisio Ogwang, Mkurugenzi wa Muda kwa mwaka wa saba mfululizo, mwenye shahada moja, diploma mbili na vyeti kumi na tisa vya kuhudhuria semina, na leo nina furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba ule mchakato jumuishi, shirikishi na endelevu wa kumtoa Docus Radi kwenye karatasi na kumweka kwenye skrini umefikia hatua ambayo, kitaalamu, inaitwa hatua. (Sauti: "Firamu iko wapi?") Tunakuja huko, ndugu yangu. Keti.

Kwa faida ya wasiomjua Docus Radi, kama wapo (sauti nyingi: "Hakuna!"), huyu ni dada wa kuchorwa, muuza rolex, ile ya kuliwa, wa kando ya barabara ya Bombo, ambaye asubuhi hukunja chapati na mayai kama wenzake, lakini akisikia kuna mtu ameonewa, huvua aproni, akachukua kifimbo cha kusukumia chapati, akaruka mtaro kwa hatua moja na kuwatandika wanyang'anyi wa viwanja mpaka wakakumbuka majina ya bibi zao. Mchoraji wake ni Bi Nusura Sebit, anayepaka vibao vya maduka hapa hapa Bwaise, yule pale mstari wa pili mwenye mtandio wa kijani. (Shangwe kubwa. Nusura anapunga mkono bila kusimama.) Kwa miaka sita, kila Ijumaa, Bi Nusura hubandika ukurasa mpya kwenye ukuta wa saluni, na utafiti wa idara yangu umebaini kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya wakazi huusoma, na waliobaki husomewa.

Kipaji hiki nilikigundua mimi. (Miguno.) Nilikigundua siku ambayo dereva wangu alishuka kuuliza njia, akasimama mbele ya ule ukuta, akasoma, akacheka, akaita wenzake, akasahau kabisa kwamba nimo garini na vioo vimefungwa. Kiongozi mwingine angekasirika. Mimi nilikasirika, kisha nikashuka, nikasoma, na papo hapo nikaunda kamati.

Kamati ile ilizaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikafanya wakishopu ya siku tatu kule Kansanga juu ya neno "kuruka", kwa sababu stekiholda walikuwa hawajakubaliana iwapo mwanamke shujaa anaruka kwa niaba yake mwenyewe au kwa niaba ya taifa, na mwishowe ikaazimiwa kwamba Docus aruke, isipokuwa pale ambapo anaweza kutembea. Tukamwita Bi Nusura, tukamkabidhi maboresho arobaini na moja: avae viatu vya kisigino, kile kifimbo kiwe simu ya kisasa, na yule adui yake mkubwa, Bwana Tumbo, ofisa anayefungia mabomba ya maji kwa kufuli, aondolewe na mahali pake liwekwe dubwana litokalo ziwani. Bi Nusura akauliza, "Mzee, dubwana inafunga maji kwa nini?" Nikamjibu, kwa sababu za kitaalamu. Akaniangalia tumboni kwa muda mrefu. (Kicheko kirefu.) Napenda kusema rasmi kwamba kufanana kwangu na Bwana Tumbo ni suala la mwanga tu.

Tukaenda kwenye usaili wa waigizaji, kule Kyambogo. Walijitokeza wasichana mia mbili na kumi na wanne, wenye sura nzuri, wenye vyeti, na kipimo kilikuwa kimoja: kuruka benchi. Wa kwanza akaomba benchi lishushwe. Wa pili akaomba kusali. Wa tatu akaanza kulia, na hapo askari polisi mmoja wa kike, Konstebo Akullo, aliyekuwa zamu ya kupanga foleni, au laini kama anavyoiita, akamshika bega akamwambia, "Dada, usiogope, tazama mimi tu," akarudi nyuma hatua nne, na kwa buti zake zile za kazini akavuka benchi, akavuka meza ya majaji, akavuka chai yangu, na kikombe hakikutikisika. Bi Nusura, aliyekuwa ameketi nyuma akichora mistari ya kupotezea muda, akasimama na kusema, "Huyo. Huyo ndiye namuchora kila siku, sikujua iko mtu." (Makofi. Akullo, amesimama ukutani, anainamisha kichwa na kucheka.)

Nami, kwa uongozi thabiti, nikaafiki.

Siku ya kupiga picha, ndugu wananchi, tulikuja papa hapa Bwaise, mwezi wa nne, siku ya Jumanne. Idara ilikuwa imemwajiri mtaalamu wa kamera kutoka Kongo, Madamu Huguette, mwanamke mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano wa kupiga picha harusi, mechi na mikutano ya hadhara. Akafika saa moja asubuhi, akatazama mtaro, akatazama jua, akapanga watu vizuri kabisa, kisha akaja garini kwangu akauliza, "Patron, kamera iko wapi?" Nikamwambia, Madamu, tuko katika awamu ya maandalizi, usiruke hatua. Alikuwa bado amesimama pale, mikono kiunoni, mvua ilipoanza.

Nyinyi mnaijua mvua ya hapa. (Sauti ya mama mmoja: "Tunaijua bambi, maskini sisi.") Kwa dakika ishirini mtaro ulijaa, ukamwagika, barabara ikawa maji, na gari la idara likazimika katikati, maji yakipanda mlangoni. Dereva akaogelea. Mimi nikachukua uamuzi wa kimkakati wa kuhamishia ofisi yangu juu ya paa la gari, ili kutathmini hali nikiwa mahali pa juu. (Sauti: "Ulikuwa nalia!") Nilikuwa natoa maelekezo. (Sauti: "Kwa kulia!" Kibanda chote kinacheka.)

Haya. Sauti yangu ilipanda, nakubali.

Na Konstebo Akullo, akiwa ndani ya aproni ya Docus Radi, akaruka ule mtaro. Hakuna aliyemwambia aruke, hapakuwa na hati ya kuruka. Nikanyoosha mikono, akanipita. Akaenda kwenye kibanda cha mama wa nyanya, akambeba mama yule mgongoni mpaka ngazi za msikitini, akarudi. Nikanyoosha mikono tena, akanipita tena, akamchukua bibi mmoja aliyekuwa amesimama juu ya kitanda chake maji yakimfika magotini. Nikapaza sauti, "Konstebo! Mimi ni Mkurugenzi!" Akanijibu huku anakwenda, "Mzee, laini ni laini." (Makofi, miluzi, wengine wanapiga mabenchi.) Nilikuwa wa tano. Ilipofika zamu yangu nilimshika shingo kwa nguvu zote, maana maji yalikuwa yanavuta, na mimi, hili halimo kwenye ripoti, sijui kuogelea. Akaniambia polepole, "Mzee, usinikabe. Tutafika." Tukafika.

(Anakunywa maji.) Nilikuwa nasema nini? Ukurasa wa tisa.

Ndiyo. Ijumaa iliyofuata Bi Nusura akabandika ukurasa wenye mtu mmoja mnene amebebwa kama gunia la muhogo, na naarifiwa kwamba ukurasa ule ulivunja rekodi zote za usomaji. Dereva wangu ana nakala nyumbani kwake. Mke wangu anayo pia.

(Sauti: "Firamu! Firamu!" Mabenchi yanapigwa. Vijei Bonny, ameshika maikrofoni yake: "Mheshimiwa, watu wamengoja tangu saa sita. Niwashe?") Bonny, usiwashe. (Bonny: "Kwa nini?") Kwa sababu ya utaratibu. Kwanza shukrani.

Naishukuru kamera, ambayo ombi lake lilijazwa kwenye fomu ya kijani badala ya fomu ya njano, na ambayo itafika. Namshukuru Madamu Huguette, aliyepiga picha zote ambazo zingepigwa. Naishukuru timu nzima ya uzalishaji, itakapoajiriwa. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Bi Nusura Sebit kwa kutukabidhi Docus wake. (Nusura anasimama: "Mzee Ogwang, mimi sijakabidhi.") Kwa kuridhia, basi. (Nusura: "Hakuna mtu aliniomba. Nyinyi mlifanya wakishopu.") Hilo ni kweli. Naona halimo hata kwenye kumbukumbu za kikao. Basi kwa roho ya uwazi na uwajibikaji, nawatangazia wananchi kwamba filamu tunayoizindua leo haijapigwa hata picha moja, na kwamba mwenye hadithi alikuwa hajaulizwa. (Zogo kubwa. Mtu anazomea, mtu anacheka.)

Tulieni! Tumalizie na kaulimbiu. Nikisema "Filamu yetu", semeni "Oyee"! Filamu yetu! (Watu wawili: "Oyee.") Docus Radi! (Kibanda kizima: "Oyeee!") Idara juu! (Kimya.)

(Nusura, bado amesimama: "Mimi nataka kusema maneno kidogo. Huguette amenunua kamera yake mwenyewe, ya mkono wa pili lakini iko sawa. Afande Akullo amepata likizo yake. Jumatatu sisi naanza, hapa kwa mtaro, na Bwana Tumbo anabaki. Nataka watu wa kusimama sokoni, watu wa kukimbia, watu wa kupigwa. Mimi niko nje na kitabu, kuja andikisha jina." Shangwe. Watu wananyanyuka, mabenchi yanaanguka, msongamano mlangoni.)

Ndugu wananchi, bado kurasa tatu! Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, hata wewe? Bonny, wafungie mlango. (Bonny: "Mheshimiwa, mimi mwenyewe naenda. Nataka kupigwa.") Basi nawashukuru kwa kunisikiliza, na kwa kukaa saa tatu mkingojea kitu ambacho mimi nilijua hakipo. Asanteni sana.

(Kibanda ni kitupu. Maikrofoni bado iko wazi mkononi mwa Mkurugenzi na spika ya nje inafanya kazi. Zinasikika hatua, kisha mlango.)

Bi Nusura. Samahani. Laini inaishia wapi? Huku nyuma? Sawa, nitangoja.

(Muda unapita. Kelele za watu zinapungua.)

Ndiyo, na mimi. Hata kama ni kusimama nyuma tu. Hapana, usiandike Mheshimiwa. Wala Mkurugenzi, wino wako utaisha bure. Andika Tarcisio.