Kiti cha Tano cha Kwenda Butiama

Jumatatu, 21 Aprili (Jumatatu ya Pasaka)

Baba mdogo Florian kaleta gari jipya. Nusu ya mtaa wetu wa Nyasho imetoka nje kuliangalia. Jeusi, refu, la kupanda milima, na tairi la akiba limefungwa kwenye mlango wa nyuma. Baba mdogo anauza nyavu na injini za mitumbwi. Hana mlima wowote wa kupanda. Nilisema hivyo, kwa sauti ndogo. Hakuna aliyesikia. Hawanisikiagi.

Habari kubwa: Jumamosi gari hili linapeleka washenga Butiama, kumposea kaka Fredi. Mchumba anaitwa Debora. Debora ana mdogo wake, Sabina. Sabina aliniazima riwaya walipotutembelea Krismasi. Nimeisoma mara tatu. Nataka kuirudisha mwenyewe, mkononi mwake, na kumwambia sentensi moja: "Asante, sura ya saba nimeipenda zaidi." Sentensi iko tayari tangu Januari. Nimekosa usafiri tu.

Gari lina viti saba! Nikachukua kitabu cha maelekezo na kamusi, nikajifungia chumbani. Msiba. Viti viwili vya mwisho vikisimama, hakuna pa kuweka mzigo. Vikilazwa, mzigo unaingia lakini watu wanabaki watano. Na zawadi ni nyingi: mablanketi, sukari, kreti za soda. Kwa hiyo Baba mdogo ataendesha. Mbele atakaa Mzee Nyamburi, msemaji wetu. Nyuma ni Shangazi Pelagia, Fredi, na binamu Isidori.

Kwa nini Isidori? Eti anajua kubadilisha tairi. Nikasema na mimi najua ukurasa unaoeleza kubadilisha tairi. Hilo walilisikia. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 22 Aprili

Mpango wa kwanza. Mzigo uende juu ya paa, viti vya nyuma visimame, nami nipate kimoja. Baba mdogo akakubali tujaribu. Paa halina keria, inauzwa peke yake. Nikapitisha kamba madirishani, juu, chini, mara nne. Ilikaza vizuri sana. Shangazi Pelagia alikuwa ndani akipima ulaini wa kiti. Milango ikagoma kufunguka.

Shangazi alitokea dirishani, kichwa kwanza, akaniuliza shuleni huwa tunafundishwaga nini.

Mzigo umerudi ndani. Viti vimelazwa.

Jumatano, 23 Aprili

Mpango wa pili ni mzuri zaidi. Tairi la akiba linaziba kioo cha nyuma. Dereva akirudi nyuma, anategemea kamera. Na kamera wameiweka wapi? Chini, juu kidogo ya bampa, pale pale tope linaporukia! Gari la kwenda kwenye matope! Nilimweleza Baba mdogo. Akanijibu kwamba gari hili linajionaga lenyewe.

Sawa. Asubuhi kabla ya shule nimeipaka kamera tope. Jioni angeniona na kitambaa mkononi, angeelewa kwamba safari haiwezekani bila mfutaji.

Sikujua mchana angepeleka nyavu mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki.

Alirudi nyuma kwa kufuata skrini. Skrini ilikuwa nyeusi. Anasema alidhani ni kivuli. Kilikuwa kitanga kizima cha dagaa wa Mama Eufrasia, wameanikwa, karibu wakauke. Amewanunua wote. Wamekuja nyumbani ndani ya gari jipya. Sasa kiyoyozi kinapuliza Ziwa Victoria usoni mwa kila anayeingia.

Lakini mpango umefanya kazi! Baba mdogo ametangaza mezani kwamba safari lazima iwe na mfutaji rasmi wa kamera. Nikasimama. Akasema Isidori ndiye atafuta, maana atakuwepo.

Nimekaa. Tumekula dagaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumekwenda Nyasura, Bunda, kumchukua Mzee Nyamburi alale kwetu. Baba mdogo alituchukua mimi na Isidori tukabebe sukari.

Gari halina ngazi pembeni. Zipo za kununua, lakini Baba mdogo alizikataa kwa sababu zinagusa mawe porini. Nyasura hakuna mawe. Kuna mzee mwenye goti bovu. Mzee Nyamburi akainua mguu. Ukafika nusu. Akasimama hivyo, kama anafikiria jambo.

Isidori akasema, "Panda tu babu, nakusukuma." Akasukuma. Nyuma. Kwa mikono yote miwili. Mbele ya majirani.

Mzee akashusha mguu, akavaa kofia yake upya.

"Mimi si ng'ombe wa mnadani," akasema. "Huyu kesho haji. Aje yule asiyeongea."

Mimi!

Kikaletwa kigoda kutoka jikoni kwake. Nikakiweka, akapanda kwa heshima zote. Kazi yangu rasmi: kigoda. Kamera nimeongezewa. Nimeshinda kwa akili tupu.

Jumamosi, 26 Aprili

Niliamka mapema. Nikakaa barazani juu ya kigoda, nikafanya mazoezi ya sentensi. Baba mdogo akasogeza gari mpaka ukingo wa baraza, Mzee akaingia moja kwa moja, tukaondoka.

Gari hili halina kitufe hata kimoja cha kupunguza baridi. Kila kitu kiko kwenye skrini. Barabara ya vumbi ilipoanza, kidole cha Baba mdogo kikawa kinaruka. Alilenga baridi, akapata redio. Alilenga tena, kiti cha Mzee kikalala kidogo. Shangazi Pelagia akafungua blanketi moja la wakwe akajifunika. Amesema likiulizwa, lilikuwa linapashwa moto.

Tukafika. Wakwe wamepanga mstari, vigelegele. Sabina yupo, karibu na mlango. Mzee Nyamburi akafungua mlango, akangoja kigoda.

Kigoda kipo Nyasho. Barazani. Niliposimama nilibeba mkoba tu.

Baba mdogo akajitolea kumbeba mgongoni. Mzee akasema hawezi kuzungumzia ng'ombe wa watu akiwa amebebwa kama mtoto mwenye surua, bora gari ligeuke. Vigelegele vikapungua. Fredi alikuwa anatoka jasho ndani ya baridi ile yote.

Nikafungua mkoba. Kitabu cha maelekezo ya gari, kinene. Kamusi. Atlasi. Bado havifiki. Kilibaki kimoja, chenye jalada gumu. Nikakiweka juu kabisa.

Mzee akakanyaga. Akashuka kama askofu. Vigelegele vikarudi.

Sabina akaja, akaokota riwaya yake. Katikati ya jalada pana soli nzima ya Mzee Nyamburi, mpaka namba ya kiatu inasomeka. Nikafungua kinywa nitoe sentensi. Ikatoka nyingine, ya kitabu cha maelekezo: "Usizidishe uzito ulioruhusiwa."

Akalipangusa jalada kwa kiganja.

"Sisi vitabu tunakunjaga kurasa," akasema. "Kumbe ninyi mnakanyagaga."

Halafu akacheka. Akaingia ndani, akarudi na kitabu kingine, akasema hiki nikirudishe mwenyewe, na nije na kigoda.

Ng'ombe wamekubaliwa. Kuhusu blanketi hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 27 Aprili

Harusi ni Julai. Kabla yake kuna safari nyingine ya Butiama, Juni. Nimetafakari kanisani. Hila si nzuri. Zimeharibu dagaa, zimempitisha shangazi dirishani, zimechafua riwaya. Nikaamua kuacha.

Baada ya misa, Baba mdogo akasema ameagiza ngazi za pembeni ili Mzee asihangaike tena. Ngazi! Ya nini sasa kigoda? Na Isidori ameshaombewa msamaha kwa Mzee.

Jioni nimemweleza Baba mdogo kwa upole kuhusu hatari ya ngazi kugusa mawe. Akauliza mawe gani. Nimesema nitayatafuta.

Hata asiposikia, bado kuna kamera. Tope la kwetu lilikauka haraka likaanza kubanduka, hata Isidori angeliweza kulifuta. La Butiama ni jekundu na linanata. Nimekuja nalo kopo zima. Liko chini ya kitanda, nimelifunika kwa kitambaa kibichi.