Habari za Kufukiwa kwa Bahari ya Mikoroshoni

Sogezeni vigoda vyenu, enyi watu wa bonde na watu wa barabarani, nanyi wa Salale mliopanda na kamba wenu sokoni, tueni vikapu. Mwenye kukuna nazi na ashuke kwenye mbuzi, mwenye ugomvi na jirani auweke kando hata jua litue, kwa maana linalosimuliwa hapa si la vita vya masultani wala la majini ya Mafia, bali ni zito kuliko hayo. Ni habari za Swalehe bin Mshamu, Simba wa Vikao, Mfungua Mikutano na Mfunga Mikutano, Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara ya mtaa wetu wa Mikoroshoni hapa Kibiti, jinsi alivyoikabili Bahari, akaingia ndani yake na kanzu yake, akatoka mshindi. Ewe Mola uliyeziumba njia zote, zilizonyooka na hizi za kwetu, tupe pumzi ya kulifikisha mwisho.

Bahari yenyewe, kwa asiyeijua, haikuwa na chumvi wala mawimbi. Lilikuwa shimo katikati ya mtaa, nyumba ya Swalehe ikiwa upande huu na baraza ya Bi Mwantum, muuza chakula, upande wa pili. Masika lilijaa, kiangazi lilikauka nusu, na kati ya misimu hiyo bata waliogelea humo na baiskeli zikazama. Mashimo mengine yalikuwepo, tena mengi, kwa kuwa tangu kifusi kilipomwagwa enzi za vijiji vya ujamaa hakuna aliyerudi hata kutazama kimeishia wapi. Lakini hayo yalikuwa mashimo tu. Hili peke yake lilipewa jina.

Ikawa katika ile miaka ya ruksa, mitumba ilipofurika magulioni na sabuni ikarudi madukani kwa rangi zote, wajumbe wa Mikoroshoni wakavaa viatu wakaenda kwa wakubwa kuomba barabara. Wakubwa wakawapokea vizuri, wakawakalisha, wakawaambia kwamba zama zimegeuka: Serikali imechoka kubeba peke yake, sasa mwananchi achangie, aanze yeye, naye ataungwa mkono. Wajumbe wakarudi na furaha ambayo hakuna hata mmoja aliyeweza kuieleza. Siku ile ile Kamati ikaundwa, na Swalehe akapewa uenyekiti kwa sababu mbili: alikuwa na sauti, na jina lake lilipotajwa alikuwa ametoka kwenda uani.

Katibu alikuwa Mwalimu Remigius, mtu wa bara, aliyekuja kufundisha hesabu miaka mingi nyuma akazoea kila kitu cha pwani isipokuwa mwendo wa vikao. Yeye ndiye aliyeuchora mtaa ubaoni, nyumba kwa nyumba, kisha akauliza swali lililoonekana dogo: kazi ianzie wapi?

Ni ulimi gani utakaovisimulia vita vya swali hilo? Waliokaa juu walitaka ianzie juu kwa kuwa maji hutoka juu, na waliokaa chini walitaka ianzie chini kwa kuwa maji huishia chini. Hoja zilirushwa, zikadakwa, zikarudishwa zikiwa na moto zaidi. Wazee walitaja makaburi, vijana wakataja haki. Mwisho wa yote likapitishwa azimio, kwa kauli moja, kwamba barabara ianzie mbele ya kila mlango kwa wakati mmoja, kisha vipande vikutane. Mwalimu Remigius aliliandika, akaweka kalamu chini, akatazama nje kwa muda mrefu.

Na mchango ulikuja, tusijidharau kupita kiasi. Fedha hazikuwepo, lakini bonde lilikuwa limetoa mwaka ule. Watu wakaleta mchele, nazi, korosho na samaki wakavu, viuzwe kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, yapatikane malori ya kifusi. Vyote vikawekwa nyumbani kwa Mwenyekiti, chini ya ulinzi wa mkewe, Salama. Ila kwetu sisi, jamani, kikao hakivunjwi bure. Hata msibani watu hula, sembuse kwenye maendeleo? Mjumbe ameacha jembe shambani, kapaza sauti tangu adhuhuri, umruhusu aende na maji matupu tumboni, kesho atarudi? Basi kikao cha kwanza kilipikiwa chai na korosho. Cha pili kilipikiwa wali kwa kuwa hoja zilikuwa ngumu. Cha tatu kilipikiwa wali wa nazi, kwa kuwa hakingeweza kushuka chini ya cha pili. Aliyevipika vyote alikuwa Salama, akikuna nazi za barabara na kuchambua mchele wa barabara, kisha akivibeba kuvuka Bahari hadi barazani kwa Bi Mwantum, ambako Kamati iliketi kwa ajili ya kivuli.

"Baba Zena," alimwambia mumewe asubuhi moja, "mchele ndio huu uliobaki. Mkiumaliza mtajengea pumba?"

"Mama Zena," akajibu Simba wa Vikao, "barabara hujengwa kwanza vichwani mwa watu, na kichwa hakifikiri kama tumbo linalia."

Siku ya kikao kilichofuata mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Salama akapakua wali wa mwisho wa Mikoroshoni, akaumwagia mchuzi wa kamba, akaliweka sinia kichwani, akapandisha kanga, akapita ukingoni mwa Bahari kama alivyozoea. Ukingo ukamomonyoka. Akaenda chini mzima mzima, yeye na sinia na wali, na alipoinuka alikuwa tope hadi kwenye nyusi. Ilikuwa saa ya mtu mmoja kuinuka akampe mkono, na mtu huyo alikuwa mumewe. Naye akainuka kweli, akasafisha koo kwa desturi yake, akasema:

"Waheshimiwa wajumbe, mchango umefika barabarani."

Kamati ilicheka hata mabenchi yakatikisika. Alicheka na Mwalimu Remigius, ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Salama aliokota sinia, akaingia ndani, akaoga, akafunga nguo zake, na alipofika mlangoni akamwambia mumewe kwa sauti ya chini iliyomtia baridi: "Naenda kwa kaka yangu kule Ruaruke. Hapa sirudi mpaka shimo lile lifukiwe. Na si kwa maneno."

Hapo ndipo shujaa wetu alipoachwa peke yake uwanjani. Tuseme wazi, kwa kuwa yeye hakumwambia mtu: alimkosa mkewe. Alimkosa kwa njaa, naam, maana ugali wake mwenyewe ulimshinda kuumeza, lakini zaidi alimkosa kwa mazungumzo ya asubuhi, yale ya kuulizwa jambo na kujibu vibaya. Ule mzaha wake wa mchango ulikuwa ukimrudia kila akiamka, na kila ukirudi ulikuwa umepungua uchekeshaji. Akaitisha kikao cha dharura. Kwa kuwa ilijulikana hakuna mpishi, akaja Mwalimu Remigius peke yake, naye alikuwa amefuata ubao wa shule. Swalehe akachukua chepe, akaivamia Bahari kwa vifuu vya nazi na majivu ya jikoni. Bahari ikavimeza vyote, bata wakaja kuangalia kama kuna kingine.

Sasa, zama hizo palikuwa na kampuni iliyokuwa ikitia viraka barabara kuu, na miongoni mwa madereva wake alikuwepo Stephano, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa maneno. Ijumaa moja msimamizi alikikataa kifusi chake, akasema udongo mwingi, changarawe kidogo, kakimwage popote mbali na macho yangu. Stephano akaona asikimwage na njaa. Akaliegesha tipa kando ya Bahari, akaketi kwa Bi Mwantum, akaagiza ugali na samaki.

Swalehe alikuwa akitoka msikitini na kanzu yake nyeupe. Bi Mwantum alipomweleza habari ya mzigo ule, na kwamba mwenyewe ni Mnyamwezi, moyo wa Simba ukaruka. Nani asiyejua kwamba Mndengereko wa huku kwetu na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya mababu? Mtani hukuchukulia chako mbele ya macho yako, nawe huna pa kushtaki. Mtani hukwambia usoni lile ambalo ndugu yako ataogopa hata kulinong'ona. Swalehe alilikumbuka lile la kwanza tu. Akapandisha kanzu, akaparamia tipa, akasimama juu ya kifusi, na watu waliotoka kuswali wakasimama kumsikiliza.

"Ewe Stephano, mtumwa wangu," akanguruma, "babu zako walishuka kutoka Tabora na mizigo mabegani, wakaiona chumvi yetu, wakailamba, wakaondoka bila hata kuaga. Leo nimekuja kwa ajili ya chumvi ile. Tipa hili nimeliteka, na kifusi hiki ni ngawira yangu. Wewe endelea kula, maana mtumwa akifa njaa hasara ni ya bwana wake."

Stephano alimaliza tonge, akanawa, akajifuta taratibu.

"Nimekusikia, mtumwa wangu unayejiita bwana. Umeteka tipa, ufunguo ninao mimi. Sasa nijibu na mimi. Naambiwa mtaa huu ulichangiwa barabara, mchele kwa nazi kwa korosho. Nimeitafuta barabara hiyo tangu nilipoingia Kibiti sijaiona. Kumbe ndiyo hii, imepanda juu ya lori langu imevaa kanzu, na kitambi ndicho kipande kilichokamilika."

Hakuna aliyecheka. Miezi yote ile hakuna jirani aliyethubutu kulisema neno hilo, kwa kuwa majirani husitiriana, na kwa kuwa wengi walikuwa wamekula. Swalehe akautazama mlango wa nyumba yake, umefungwa mchana kweupe, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya vikao.

"Ni kweli, mtani. Tumeila. Na mke wangu alipoanguka na sinia la mwisho, nilisimama nikamfanyia mzaha."

Stephano akamtazama kwa namna nyingine. Lakini utani ni utani, hauachwi njiani.

"Basi sikia sharti langu. Shimo lile sijui kina chake. Kalipime mwenyewe, na kanzu hiyo hiyo. Ukifika katikati utangaze aliyeila barabara. Nikiridhika, namwaga."

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo palipo kilele. Swalehe bin Mshamu akashuka kutoka juu ya kifusi, akavua kofia akamshikisha Mwalimu Remigius, aliyevutwa na kelele, akaikabili Bahari. Bata wakarudi nyuma. Maji yakamfika vifundoni, yakamfika magotini, tope likamvua kiatu kimoja ambacho hakijaonekana hadi leo, na kabla hajafika katikati mguu ukateleza akakaa kitako, akainuka, akafika katikati, akasimama hadi kiunoni katika uji mwekundu. Akasafisha koo.

"Mimi, Swalehe bin Mshamu, ndiye niliyeila barabara ya Mikoroshoni," akatangaza, "nikisaidiwa na Kamati."

Kamati, iliyokuwa nyuma ya umati, ikatazama chini. Wengine wote wakaangua kicheko, msikiti mzima, na Bi Mwantum akaacha chungu akashika mbavu. Swalehe alisimama pale akakisikiliza. Hakuwahi kukisikia kicheko kutoka shimoni. Siku zote alikuwa barazani, ambako husikika kitamu. Akajua sasa alichokijua mkewe, na akaona aibu kubwa kuliko ya tope.

Stephano akaridhika. Tipa likainua mgongo, mzigo ukashuka kwa ngurumo, na watu waliokwisha kucheka wakaona haya kusimama tu. Wakaenda kuleta majembe, machepe, hata masufuria. Mwalimu Remigius akakunja suruali, akahimiza katikati pawe juu na kando pawe chini ili maji yashuke. Wakashindilia kwa miguu, wakapiga na vigelegele, na kabla ya magharibi Bahari ilikuwa imekufa. Mzigo haukubakiza hata chepe moja kwa shimo la jirani.

Wauza kamba waliipeleka habari Ruaruke. Salama akaja siku ya gulio, akashuka barabara kuu, akaingia mtaani kanga ikiwa magotini, akivuka shimo baada ya shimo, hata akafika kwenye kifusi chekundu. Akasimama juu yake. Akakikanyaga kwa kisigino, na hakikubonyea.

Swalehe alikuwa mlangoni, ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi na msuli mpya, na hotuba ameiandaa. "Mama Zena," akaanza, "kwa niaba ya," kisha akaiacha. "Nisamehe."

"Naambiwa ulizama hadi kiunoni."

"Hadi kiunoni."

"Na watu wakacheka."

"Walicheka sana."

"Wote waliona," alisema Salama. "Bi Mwantum kaona, Mwalimu kaona, Mnyamwezi wa watu kaona. Aliyekosa kuona ni mimi."

Swalehe akafikiri. Akakitazama kifusi, kigumu, hakina msaada. Akatazama mbele kidogo, ambako lilikuwepo shimo jingine, dogo kwa Bahari lakini limejaa sawasawa. Mtaa wetu hauna umaskini wa hayo. Akashuka kutoka barazani pake, na shati lake na msuli wake, akatembea hadi pale, akaingia, akaketi.

Salama alimtazama mumewe akiwa ndani ya tope hadi kifuani, mikono magotini, anasubiri. Kwanza midomo ilimcheza. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, akashika nguzo ya baraza asianguke, akacheka hata akajifuta macho kwa kanga. Alipotulia akachukua fungu lake la nguo akaingia nyumbani.

"Uoge huko huko uani," akasema kutoka ndani. "Usiniletee tope."

Basi na itangazwe Mahege, na Ruaruke, na kote ambako maji huruhusu habari kupita, kwamba Mikoroshoni tuna barabara. Urefu wake ni mwendo wa mtu kutoka kwa Swalehe hadi kwa Bi Mwantum, na ukitembea taratibu unaifaidi zaidi. Wako wenye ndefu kuliko yetu, kila mtu na riziki yake. Lile shimo la pili, ambalo halikuwa na jina, sasa linaitwa Mwenyekiti, na mwenyewe kila apitapo hulisalimu.