Reli ya Sawahan

Jumatatu, 8 Januari

Mvua tangu alfajiri. Godoro linanuka ukungu.

Mkutano wa kikundi chetu cha picha za kale, nyumbani kwa mwenyekiti, Bu Retno. Katuonyesha picha mpya: tramu ya umeme imesimama konani, dereva kaegemea mlango, nyuma yake ukuta mrefu. Hakuna ajuaye ni sehemu gani ya Surabaya. Atakayepatia, jina lake litaandikwa chini ya picha kwenye maonyesho ya Jumapili.

Nikakohoa ili nianze. Harjanto akaniwahi! Eti ni Wonokromo, kona ya kabla ya daraja. Huyu bwana hutambua kila picha. Mimi tangu nistaafu sijapatia hata moja. Ile stesheni ya Gubeng, ya papa hapa mjini, niliyosema ni ya mji wa Malang, mpaka leo wananitania nayo.

Nikasema hapana, ni Sawahan, mbele ya nyumba yangu. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia. Bu Retno akataka ushahidi. Nikajibu kwamba reli bado iko pale chini, waje Ijumaa waione.

Yote haya kayataka Harjanto.

Jumanne, 9 Januari

Nimechimba mbele ya nyumba. Hakuna reli. Kulikuwa na bomba la maji. Sasa kuna chemchemi.

Uchochoro mzima hauna maji, na mvua inanyesha! Majirani wamepita na ndoo zao bila kunisalimu.

Jumatano, 10 Januari

Mpango kabambe. Nimepata kipande cha reli kwa muuza vyuma chakavu kule Gembong. Kizito ajabu. Kimeniangukia kidole cha mguu.

Nimekifukia mchana kweupe, watu wakidhani naziba bomba. Nikamwagia tope juu. Mvua itamalizia kazi ya miaka sabini.

Ijumaa, 12 Januari

Siku nyeusi.

Wamekuja baada ya sala ya Ijumaa, miavuli mikononi. Nikachimba taratibu, nikijifanya nasitasita. Chuma kikaonekana. “Lo!” nikapiga kelele. Hakuna mwingine aliyepiga kelele.

Harjanto akachuchumaa, akafuta tope kwa leso. Rangi ya kijani, mbichi kabisa. Akafuta zaidi. Bawaba! Kumbe ile reli ilikuwa nguzo ya lango la mtu.

“Cak Wir,” akaniambia kwa upole, kama mtu na kaka yake, “tramu ya kwenu ilikuwa inafungwa kwa komeo?”

Wakacheka hadi mwavuli wa Bu Retno ukapinduka. Nikasema bawaba zilikuwa za kawaida enzi hizo. Wakacheka upya. Nikaingia ndani, nikala wali wa jana, baridi.

Jumamosi, 13 Januari

Dada Sumirah kaja. Habari za bawaba zimemfikia sokoni. Kaanza kunisema kabla hajavua viatu: mzee mzima, kufukia vyuma!

Nikamwonyesha nakala ya picha ili anionee huruma. Akavaa miwani. Chai yake ikapoa.

“Sawahan kitu gani,” akasema mwishowe. “Hapa ni Wonokromo. Na huyu mlangoni ni Baba.”

Nilijua marehemu Baba aliendesha tramu. Alifariki kabla sijajua kutembea, na picha zake zote zilichukuliwa na mafuriko. Sura yake sijawahi kuiona. Nikamuuliza Dada ana hakika gani. Akanionyesha bega la kushoto lililoshuka. Baba alipasuliwa jipu hapo. Akasema Baba alikuwa akimshusha kona hiyo hiyo akanunue tofu, kisha anagonga kengele mara moja ya ziada, kwa ajili yake peke yake.

Halafu akalia. Mimi sikujua mikono niiweke wapi.

Nimeitazama picha hadi kiza kikaingia. Ana masikio yangu. Maisha yangu yote nimemlaumu Mama kwa masikio haya.

Jumapili, 14 Januari

Maonyesho. Uchochoro wa Dada umejaa maji, kashindwa kutoka. Nikaenda peke yangu, nikichechemea.

Chini ya picha: “Wonokromo. Imetambuliwa na Harjanto. Dereva hajulikani.”

Hajulikani! Nikawaambia huyu ni baba yangu mzazi, dada yangu kamtambua. Bu Retno akanishika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa. “Cak Wir, kapumzike. Ijumaa reli, leo baba?” Nikawaonyesha masikio yangu. Mtu mmoja akanipa kiti.

Nilisimama pale mpaka wanafunga. Watu walipita mbele ya Baba wakitafuna karanga. Mmoja akauliza choo kiko wapi.

Jumatatu, 15 Januari

Harjanto kabisha hodi na mkungu mdogo wa ndizi. Nikadhani kaja kunicheka. Kumbe jana aliyatazama masikio yangu vizuri, na usingizi ukamruka. Akasema maandishi yanaweza kubadilishwa. “Mlete dada yako tu, Cak. Akae nasi, aseme mwenyewe aliyokwambia. Inatosha.”

Nikamshukuru. Nikamsindikiza hadi kwenye shimo.

Dada naye kapiga simu, nikamweleza; akasema maji yamepungua, twende kwa Bu Retno kesho asubuhi. Nimemwambia asubiri kwanza.

Maneno matupu ya bibi kizee! Watu hawa wanataka ushahidi. Mchana nimekwenda Gembong, nikapata kofia ya sare, karibu ifanane na ya Baba pichani. Jina lake nimelitarizi mwenyewe kwa ndani. Sasa imelowekwa kwenye sufuria ya chai nzito ili izeeke.

Nimeruka herufi moja, lakini nani ataangalia?